Simu Ilipomng'oa Baba Nyumbani

Mama yangu hasomi Kireno, na simu yake iliwekwa Kireno tangu dukani, lakini kwa miaka mingi wawili hao walielewana vizuri kuliko wanandoa wengi ninaowafahamu. Mama alijua mambo kwa mahali pake. Ua la rangi rangi lililo pembeni ndilo lenye picha. Kishale cha chini kushoto kinapeleka picha kwa mtu. Pipa la chini kulia halisogelewi. Kwa elimu hiyo aliishi salama, kama mtu anayeijua nyumba yake hata taa ikizimika: huku mtungi, huku kitanda, huku kizingiti kinachokwaza wageni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kwa hiyo watu wa nyumbani wananihesabu kuwa fundi wa kila kitu kinachowaka. Heshima haikataliwi. Ila ukweli ni kwamba wakati huo programu yangu ya kusomea mafaili ilikuwa imenishinda mimi mwenyewe. Nilizoea kufungua ratiba ya vipindi, nikaivuta kwa vidole viwili, nikasoma, basi. Siku moja ikajisasisha, wenyewe wanaita actualização, na neno lenyewe likitamkwa na kijana wa dukani linasikika kama baraka. Nikafungua ratiba ile ile, ya ukurasa mmoja. Programu ikaniambia: hati hii inaonekana ndefu, nikufupishie? Nikagusa msalaba ili ninyamazishe hisani hiyo. Ikafupisha. Ikaniarifu kwamba ratiba inahusu masomo mbalimbali katika siku mbalimbali. Nikaishukuru, maana nilikuwa na wasiwasi labda inahusu uvuvi.

Kitufe cha kuchapisha nikakitafuta mpaka kengele ya mapumziko ikalia. Kumbe kilikuwa kimehamishiwa ndani ya vidoti vitatu, na ndani ya vidoti kuna neno "Mais", yaani zaidi, na humo ndani ya zaidi ndimo vilimofungiwa vitufe vyote vyenye kazi. Nje vimebaki vya kupendeza.

Hayo yalikuwa yangu, nikayameza. Ya mama ndiyo yaliyotupa kazi.

Mama alikuwa na picha moja aliyoipenda. Niliipiga mimi, muda mfupi kabla hatujahamishwa kupisha mradi wa gesi. Baba amesimama upande wa kushoto, kanzu imenyooshwa, kofia mpya. Alijitayarisha tangu asubuhi kwa sababu aliamini ni picha yake. Mama hakumbishia. Nyuma ya baba kuna nyumba yetu ya miti na udongo, paa la makuti, mlango uliopakwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye mashua ya mtu. Kuna baraza, kinu kimelazwa ubavu, jiko la nje lenye moshi wake, mkorosho uliopinda kama mtu anayesikiliza umbea, na kipande cha ua wa jirani.

Sasa wazazi wangu wanakaa Quitunda, kijiji walichojengewa waliohamishwa, katika nyumba ya bloko za saruji yenye bati na kuta zilizonyooka. Nyumba haina ubaya. Mama huisifu kama watu wanavyosifu chakula cha hospitali. Kisha vita vikatukimbiza sote, tukaenda tulikokwenda, tukarudi. Simu yangu ya zamani ilipotea njiani. Ya mama haikupotea, kwa sababu aliifunga kwenye pindo la kanga, na pindo la kanga ya mama yangu halijawahi kupoteza kitu.

Akija mgeni, mama alikuwa na utaratibu wake. Anaifungua picha, anaweka kidole juu ya baba na kukiacha pale, huku akisema, "Huyu unamjua." Halafu kidole kinatelezea kwenye mlango. "Hapa ndipo nilipoingia bibi harusi." Kinaenda barazani, kinaenda jikoni, kinaenda kwenye mkorosho. Safari hiyo iliweza kuchukua chai nzima na mihogo yake. Na picha ilivumilia. Zamani zile ukiweka kidole juu ya picha, picha ilikaa kimya kama picha.

Siku ya tukio ilikuwa Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimekuja kuwaamkia. Akaingia jirani, mama mmoja mnene mwenye sauti, ambaye ua unaoonekana pichani ulikuwa wake. Naye amehamishwa pamoja nasi. Mama akafungua pindo, akatoa simu, ambayo usiku uliotangulia ilikuwa imelala kwenye chaji ikijisasisha bila kumwambia mtu. Akafungua picha. Akaweka kidole juu ya baba.

"Huyu unamju..."

Mstari wa mwanga ukamzunguka baba kuanzia kofia mpaka kandambili. Kisha baba akainuka, mzima mzima, kama samaki anayetolewa majini, na nyumba nyuma yake ikaingia giza.

"Yallah!" jirani akasema. "Mzee anapaa!"

Mama akatoa kidole kwa hofu. Chini kukatokea neno la buluu lenye kumetameta. Akalibonyeza haraka, vile mtu anavyobonyeza kifuniko cha chungu kinachofurika, ili mambo yatulie. Mambo yakatulia. Baba alibaki peke yake katikati ya weupe, kanzu nyeupe juu ya weupe, uso na mikono vikielea.

"Nyumba iko wapi?" mama akaiuliza simu. Simu haikujibu, ndipo akaniuliza mimi.

Baba alikuwa nje akishona wavu. Akaitwa. Akaishika simu mbali na macho, kama anavyoshika kila kitu tangu miwani yake ilipokanyagwa, akaitazama kwa makini.

"Mbona nimetoka vizuri," akasema.

"Nyumba ndiyo iliyotoka," mama akamjibu.

"Basi hii simu ina akili. Imejua mwenye picha ni nani."

Jirani akacheka. Mama hakucheka. Nikamwambia, "Usijali mama, kuna kurudisha." Nilisema kwa sauti ile ile ninayowaambia wanafunzi kwamba mtihani utakuwa mwepesi.

Nikakaa kitako na simu. Kishale kilichopinda kurudi nyuma, ambacho siku zote kilikaa juu, hakikuwapo juu. Nikatafuta kwenye vidoti, nikatafuta ndani ya zaidi. Nikaingia hata kwenye ukurasa wa msaada, ambako niliambiwa kwa furaha kubwa kwamba sasa kutenganisha watu na mandhari kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Nikakubali kwamba ni kweli, mama amefanya kwa kidole kimoja. Nilipofika kwenye pipa la takataka nikakuta simu imeshafanya usafi wake yenyewe: picha ya asili imeondolewa ili kupunguza mzigo, kwa kuwa iko nakala iliyoboreshwa.

Walivyoiita nyumba ya mama katika maandishi yao ya Kireno ni "fundo", yaani kile kilichoko nyuma. Mtu ni mtu. Kilichobaki ni fundo. Nafikiri aliyeandika programu ile ni kijana mwenye nyumba. Akitaka kuiona, anageuza shingo.

Nilipokuwa nikihangaika, simu ikanionea huruma. Ikaleta dirisha: je, ungependa tujaze kilichoko nyuma? Mtu anayezama hachagui kamba. Nikakubali. Gurudumu dogo likazunguka, na mara nyuma ya baba ikasimama nyumba. Paa la vigae vyekundu. Nyasi zilizokatwa sawasawa kama kichwa cha mwanajeshi. Roshani. Mnazi mmoja uliokuwa umeota kutoka ndani ya ukuta na haukuonekana kujali. Nyumba hiyo ilijengwa kwa muda wa kumeza mate, bila kikao, bila mtu wa kupima, bila mkalimani. Sisi tuliozoea kuhamishwa kwa vikao, kasi ile ilitushangaza.

"Hii nayo si mbaya," baba akasema, akiwa ameinama begani mwangu.

"Ya nani?" mama akauliza.

"Ya kwetu. Simu ndivyo inavyosema."

Mama akaichukua, akaitazama muda mrefu. "Jiko liko wapi?"

Tukatafuta wote wanne. Nyumba haikuwa na jiko. Mama akaiweka simu kifudifudi juu ya mkeka, akachukua ungo na mchele, akatoka.

Juma lile hakuifunga pindoni. Ilikaa dirishani, na ikilia alisema, "Iache ilie, labda inataka kunijengea choo." Tukaona ni mzaha, tukacheka naye. Lakini nilipokwenda tena kuwaona, alinivuta kando, karibu na pipa la maji, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hivi bawaba za ule mlango zilikuwa upande gani?"

Nikajaribu kuufungua kichwani, ukafunguka pande zote mbili. Nimeufungua mlango ule tangu sijafikia kitasa chake. Nikasema kushoto, kwa sababu ilibidi niseme kitu. Tukamuuliza baba, akasema kulia, kwa uhakika wa mtu aliyeupachika mwenyewe. Wakabishana. Mwishoni mama akasema, "Unaona? Tumeshaanza kuisahau," akaenda kukaa ndani. Sikumwona akilia. Nilimsikia akipanga vyombo vilivyokuwa vimeshapangwa.

Hapo nikaacha kuona jambo lile kuwa kichekesho. Nikaanza kuuliza kila mtu: nani alitumiwa picha ile? Wengi walishabadilisha simu, wengine simu zao zilikwenda na maji, mmoja alisema aliifuta kwa sababu simu yake ilimpendekezea afute picha "zisizo na umuhimu", akaona labda simu inajua. Mama mwenyewe ndiye aliyekumbuka.

"Mdogo wangu," akasema. "Nilimpelekea kwa kile kishale, enzi kishale kikiwa mahali pake."

Mama mdogo anaishi kisiwani Macaloe, ambako mtandao hutafutwa kama kuni, unatembea mpaka uupate. Kumpigia ni bahati nasibu. Tukampelekea salamu kwa watu waendao huko, na jibu likarudi kwamba atakuja Olumbi kwenye harusi ya binamu yetu, na simu anayo.

Tukaenda Olumbi, mimi, mama na baba. Nisingeikosa harusi ile, ila sikumbuki hata bibi harusi alivaa nini. Nilikuwa namtafuta mama mdogo. Tukamkuta nyuma ya nyumba, katikati ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele, wembamba wake ule ule, kicheko kile kile. Wakakumbatiana na mama, wakaulizana habari za kila aliye hai na kila aliyekufa, na mimi nimesimama kama mdai.

"Shikamoo, mama mdogo. Ile simu..."

"Marahaba, mwanangu. Hata maji hujanywa."

Nikanywa maji. Ndipo akaitoa. Kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, na mgongo umefungwa kwa mpira. Nikafungua ua la picha. Ndani kulikuwa na picha, kishale, na pipa. Basi. Hakukuwa na cha kuboresha, kufupisha wala kujaza. Simu ile ilikuwa haijajisasisha tangu inunuliwe, kwa sababu huko kisiwani haikupata nafasi ya kuelimika. Nilitamani kuibusu.

Tatizo ni kwamba Olumbi mtandao upo. Simu ikazinduka. Ujumbe ukaanza kuanguka kama embe wakati wa upepo, wa mwaka huu, wa mwaka jana, watu wakimpongeza mama mdogo kwa Idi zilizopita zamani. Na baada ya ujumbe, dirisha likafunika kila kitu: kitufe kikubwa cha buluu, "Actualizar agora", sasisha sasa. Chini yake, kwa maandishi madogo ya rangi ya majivu, kama yanaona haya kuwapo: "Mais tarde", baadaye.

Mama mdogo akanyoosha kidole. "Hiki cha buluu ndicho cha kukubali, sivyo?"

"Usiguse!"

Nilipiga kelele mpaka wanawake wakainua nyungo zao. Mmoja akauliza kama kuna nyoka. Nikasema yuko, ila mdogo. Nikagusa yale majivu. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Ikanionya kwamba nitakosa mambo mapya. Nikamwomba Mungu iwe kweli.

Na picha ilikuwamo. Ilikuwa ndogo, imefifia kidogo kwa kusafirishwa, na ufa wa kioo umepita katikati ya paa. Lakini mlango ulikuwa wa buluu, na moshi wa jiko ulikuwa mahali pake. Nikampa mama. Hakuweka kidole. Aliishika kwa ncha za mikono yote miwili, kama anashika sahani iliyojaa mchuzi.

"Kushoto," akasema. "Bawaba ziko kushoto."

"Nilisema kushoto," baba akasema.

Hakuna aliyemkumbusha. Ilikuwa harusi.

Niliihamishia kwenye simu yangu pale pale, nikajitumia mara tatu kwa njia tatu, na Jumatatu baada ya vipindi nikaenda nayo kwa bwana mwenye duka la kuchapisha hapa Palma. Nilitaka kitu cha ukutani, kitu ambacho hakijisasishi. Bwana yule ni mpole, ila siku hiyo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake kama mtu aliyeletewa mke mwingine bila taarifa.

"Ijumaa pa kuchapia palikuwa hapa," akaniambia, akigusa kona ya kioo.

"Na leo?"

"Leo wameweka mwezi."

Kweli kulikuwa na mwezi mwandamo. Akaugusa, kompyuta nzima ikawa nyeusi. Akaugusa tena, ikarudi nyeupe. "Ndiyo kazi yake," akasema. "Mchana na usiku. Nadhani walihisi tunachelewa kufuturu."

Nikamwelekeza kwenye vidoti vitatu, kwa uzoefu. Tulipofungua picha, programu ikajitolea kuiboresha, na tukasema "Hapana!" kwa pamoja, mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. Hatimaye ikatokea sura ya karatasi, na picha ndani yake. Haikuenea. Zamani kulikuwa na kitufe cha kuibana picha yote ikae ndani ya karatasi. Bwana alikikumbuka vizuri, alinieleza hata umbo lake, lakini tulipekua mpaka ndani ya zaidi na hatukukiona. Programu ilikuwa imeamua kwamba karatasi lazima ijae, na ili ijae, ubavu mmoja lazima ukatwe.

"Chagua," akasema. Akaisogeza picha kulia: baba mzima, mkorosho umekatika. Akaisogeza kushoto: mkorosho mzima, baba nusu.

Jambo kama hilo si la kuamua peke yako. Nikampigia mama.

"Mama, karatasi haitoshi. Tumkate baba au tuukate mkorosho?"

Nikasikia kuku na mtu akitwanga.

"Baba yako yupo hapa," akasema. "Ninamwona."

Picha ilitundikwa Quitunda sebuleni, kwenye ukuta ulionyooka. Baba alikuja kuitazama akiwa amevaa shati safi. Kwenye ukingo wa kushoto kulikuwa na mkono mmoja, bega, na robo ya kofia.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Ndiyo kwanza unaingia," mama akamjibu.

Alinuna mpaka chakula kilipoiva. Halafu nikamwona, wakati anadhani hatumtazami, amesogea karibu na ukuta na kuanza kuhesabu nguzo za baraza, kwa kugusa hewa tu, bila kugusa picha. Ni yeye aliyezikata. Moja ilikuwa fupi, akaitegemeza na jiwe, na jiwe lilionekana. Akaniita kunionyesha.

Siku ya pili yake jirani akaja na sahani ya mihogo. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja ukutani, pua ikakaribia karatasi.

"Ule ua wangu! Angalia, ukuti uliolegea, nilimwambia mume wangu autengeneze."

"Hakuutengeneza," mama akasema.

"Hakuutengeneza, na sasa ameponea kwa kuhama." Akaendelea kutafuta, akainama kuelekea chini ya mkorosho, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupatazama vizuri. Kisha akageuka taratibu.

"Na huyu jogoo mwekundu anafanya nini kwenu?"

Mama akaanza kupanga vikombe.

"Huyu ni jogoo wangu," jirani akasema. "Aliyepotea juma lile la kuhama. Ukaniambia amechukuliwa na kicheche."

"Kwenye picha majogoo wekundu wote wanafanana," mama akasema.

"Ana kucha moja nyeupe. Ile pale."

Baba akasogea, akaangalia, akasema kwa haki kabisa kwamba ni kweli, kucha ni nyeupe, na kwamba anamkumbuka jogoo yule, alikuwa mgumu kuiva. Mama akamtazama. Jirani akaweka sahani ya mihogo chini, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, na mimi nikaenda kubandika chai.